Funzo la Daraja la Sigiri

Jumatatu ya Juni 26, 2017, sehemu ya katikati ya Daraja la Sigiri, lililokuwa likijengwa juu ya Mto Nzoia huko Budalangi, magharibi mwa Kenya, ilikatika na kutumbukia majini. Wafanyakazi zaidi ya 20 walijeruhiwa. Hakuna aliyekufa, na hilo ni la kumshukuru Mungu, maana waliokuwa juu ya vyuma vile walikuwa vijana waliotoka nyumbani asubuhi kwenda mjengo kama siku nyingine yoyote.

Wiki mbili zilikuwa hazijatimia tangu Rais Uhuru Kenyatta afike pale kukagua kazi. Wiki sita mbele, Agosti 8, nchi nzima ilikuwa inakwenda kupiga kura. Gharama ya daraja ilitajwa kuwa shilingi bilioni 1.2, na mkandarasi alikuwa kampuni kutoka China. Mambo hayo matatu, yaani rais, kura na Wachina, ndiyo yaliyozungumzwa kila mahali. Huku kwetu Burumba, sokoni na kwenye stendi za bodaboda, na hata ng'ambo ya mpaka upande wa Uganda, picha za daraja lililopinda zilipita simu hadi simu zikiwa na maneno ya kuchekesha. Walioipenda serikali walijitetea, walioipinga wakashangilia. Baada ya wiki sita kura zikapigwa, na Sigiri ikasahauliwa kabla hatujauliza swali lenyewe: daraja lile lilianguka vipi, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kusema lisubiri?

Mimi naliuliza hadi leo, kwa sababu jibu lake linahusu kila daraja, kila ghorofa na kila kalvati tutakayojengewa katika kaunti hii.

Tuanze na haki ya watu wa Bunyala, ilipo Budalangi. Hawakuomba daraja kwa ajili ya fahari. Nzoia huanzia vilima vya Cherang'any, hupokea vijito vya Mlima Elgon, hupita Webuye na Mumias, kisha hufika Bunyala ukiwa mpana na mzito kwa tope. Huku chini ardhi ni tambarare, kiasi kwamba mvua ikinyesha kule juu mafuriko huja Budalangi hata kama anga la huko halina wingu. Tuta lililojengwa kuuzuia mto limepasuka zaidi ya mara moja; watu wamehamia kambini, wamerudi, wamepanda mpunga na mahindi tena. Pale Sigiri mto uliwagawa ndugu wa eneo moja, upande wa kaskazini na upande wa kusini, na aliyetaka kuvuka alipanda mtumbwi. Mwanafunzi alivuka kwa mtumbwi, mama mjamzito alivuka kwa mtumbwi, maiti ilivushwa kwa mtumbwi. Mwaka 2014 mtumbwi mmoja ulipinduka hapo, na watu wakafa maji. Baada ya msiba ule, hakuna kiongozi aliyeweza kusimama Budalangi bila kuahidi daraja.

Hapo ndipo hatari inapoanzia, na watu wengi hawaioni. Tumezoea kudhani kwamba haraka mbaya hutokana na tamaa tu. Mara nyingi huanza na hitaji la kweli na machozi ya kweli. Watu wamesubiri miaka, wamezika, wamechoka. Ratiba inachelewa, kisha inachelewa tena. Mwanasiasa anaona siku ya kura inakaribia, mkandarasi anaona faini ya ucheleweshaji, mwananchi anaona mtumbwi. Kila mmoja, kwa sababu yake, anataka kazi iishe kesho. Zege peke yake ndilo lisilojua kwamba kuna kesho.

Nieleze kidogo jinsi daraja la aina ile linavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo funzo hili linabaki hadithi ya siasa. Daraja la mihimili ya chuma yenye sakafu ya zege, likishakamilika, hubeba mzigo kwa ushirikiano: chuma chini, zege juu, vikiwa vimefungwa pamoja kuwa kitu kimoja. Lakini kabla zege halijakomaa, ushirikiano huo haupo. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu kilo 2,400. Zege likiwa bichi, uzito wake wote upo na nguvu yake haipo kabisa. Chuma hubeba peke yake, tena hubeba kikiwa hakijapata msaada wa kukizuia kisipinde kwenda kando. Mhimili mrefu wa chuma unaweza kuwa na nguvu nyingi za kubeba mzigo wima na bado ukajipinda ubavuni kama haujafungwa vizuri na mwenzake.

Kuna jambo jingine. Mhimili unaopita juu ya nguzo zaidi ya mbili ukilemewa sehemu moja, sehemu ya pili hutaka kuinuka. Ndiyo sababu wahandisi huandika kwenye michoro utaratibu wa kumwaga: sehemu ipi ianze, ipi ifuate, siku ngapi zipite katikati, nguzo za muda ziondolewe lini. Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa likitimiza siku 28. Fundi yeyote aliyewahi kumwaga slabu ya ghorofa hapa Burumba anajua kwamba mwenye nyumba akilazimisha miti iondolewe mapema kwa sababu mpangaji ameshalipa kodi, fundi mwenye busara hukusanya vifaa vyake akaondoka.

Siandiki haya ili kumhukumu mkandarasi wala mhandisi wa Sigiri. Ninachosema ni kwamba daraja lile lilianguka likiwa bado mikononi mwa wajenzi, katika kipindi ambacho utaratibu ndio uhai wa kazi. Halikushindwa na lori wala na mafuriko. Lilishindwa kujibeba.

Siku zile kulizuka maneno yanayorudiwa hadi leo: mbona madaraja ya mkoloni yamesimama? Na kweli, sisi wa mpakani tuna mfano wa karibu. Reli inayopita Malaba ilijengwa miaka ya 1920, ikitoka Nakuru kupitia Eldoret, ikavuka mpaka kuelekea Tororo na Jinja. Pale Jinja ikakutana na Mto Nile. Mwaka 1931 daraja la kenchi za chuma likafunguliwa na treni ikafika Kampala. Kabla ya hapo pamba na kahawa ya Uganda ilikuwa inategemea sana meli za ziwani hadi Kisumu. Daraja lile lilijengwa kubeba reli juu, na magari na waendao kwa miguu chini yake. Hadi barabara ya juu ya bwawa la Owen Falls ilipofunguliwa mwaka 1954, magari yalivukia hapo hapo kwenye daraja la reli. Leo kuna daraja jipya la nyaya, lililofunguliwa Oktoba 2018, lakini lile la 1931 bado lipo.

Ukilitazama daraja la kenchi, utaona pembetatu juu ya pembetatu. Siri yake ni nyepesi, na mtu anaweza kuijaribu nyumbani. Pigilia fito nne ziwe mraba, usukume kona moja: mraba utalala upande. Ongeza fito moja ya mshazari kutoka kona hadi kona, usukume tena: hausogei. Pembetatu haiwezi kubadili umbo bila mti wake mmoja kuvunjika, kupinda au kung'oka. Kwa hiyo kila kipande cha daraja la kenchi kina kazi yake, ama kinavutwa au kinakandamizwa, na kila kiungo ambako vipande hukutana ni mahali pa kukaguliwa. Kipande kinachovutwa huweza kukatika. Kinachokandamizwa kina hatari ya pili, nayo ni kujipinda; na kinapoanza kujipinda kidogo tu, nguvu yake hupungua upesi kuliko macho yanavyoweza kuona.

Basi, madaraja ya zamani yamesimama kwa sababu wazungu walikuwa wajenzi bora? Hapana. Nalikataa wazo hilo kwa sababu ni uvivu, na pia kwa sababu si kweli. Tunayaona yaliyosimama; yaliyoanguka yameshaoza mtoni. Usiku wa Desemba 28, 1879, Daraja la Tay huko Scotland, ambalo halikuwa limetimiza miaka miwili tangu kufunguliwa, liliangushwa na upepo likiwa na treni ya abiria juu yake, na hakuna abiria hata mmoja aliyetoka hai. Hapa kwetu, mwishoni mwa Januari 1993, treni ya usiku iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa ilitumbukia Ngai Ndethya, mahali ambapo mafuriko yalikuwa yameliharibu daraja la reli ya zamani. Watu zaidi ya 100 walikufa. Reli ile ndiyo hiyo hiyo inayoendelea hadi Malaba.

Kilicholifikisha daraja la Jinja hapa lilipo ni uangalizi. Daraja la chuma hupakwa rangi, hugongwa ribiti kusikiliza iliyolegea, hukaguliwa viungo, treni huamriwa kupunguza mwendo chuma kikianza kuzeeka. Kulikuwa na magenge ya reli yaliyotembea njia kwa miguu, nyundo begani, mvua au jua, na kazi yao haikuwahi kuwa habari ya gazeti. Daraja likisimama miaka 90, sifa kubwa ni ya watu hao kuliko ya gavana aliyelizindua.

Lakini kwa anayetaka kuielewa Sigiri, daraja la kuliangalia liko mbali zaidi, Canada, juu ya Mto St. Lawrence karibu na mji wa Quebec. Nalo lilikuwa la kenchi za chuma, nalo lilianguka kabla ya kukamilika, na kwa kuwa tume iliundwa na ikachimba kila barua na kila simu ya maandishi, tunajua karibu kila saa jinsi ilivyokuwa.

Mhandisi mkuu mshauri alikuwa Theodore Cooper wa New York, mtu mwenye jina kubwa sana katika fani yake. Alitaka urefu wa katikati, kati ya nguzo na nguzo, uongezwe kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800, na ukaongezwa. Uzito wa chuma chenyewe haukuhesabiwa upya ipasavyo. Ilipokuja kugunduliwa kwamba daraja litakuwa zito kuliko makadirio, vyuma vingi vilikuwa vimeshatengenezwa. Cooper akaamua kwamba ziada ile inavumilika, kazi iendelee. Alikuwa mzee, afya yake mbovu, na wakati vyuma vya juu vikipandishwa hakufika mtoni hata siku moja. Macho yake yalikuwa kijana mmoja mhandisi, Norman McLure.

Agosti 1907 McLure akaanza kuona vipande vya chini vinavyokandamizwa vikipinda. Akapima, akaandika barua. Akapima tena: kipande kimoja kilichokuwa kimepinda chini ya inchi moja sasa kilikuwa kimepinda zaidi ya inchi mbili, ndani ya siku chache. Wakubwa wa kampuni ya ujenzi, Phoenix Bridge Company, walishikilia kwamba vyuma vilitoka karakana vikiwa vimepinda hivyo. Hakuna pale mtoni aliyejiona ana mamlaka ya kusimamisha kazi. McLure akapanda treni hadi New York kumwona Cooper ana kwa ana.

Asubuhi ya Agosti 29 Cooper alimsikiliza na akaelewa mara moja. Alituma simu ya maandishi kwamba daraja lisiongezewe mzigo wowote mpaka jambo liangaliwe. Ila aliituma makao ya kampuni, Phoenixville katika jimbo la Pennsylvania. Quebec kwenyewe, walikokuwa watu juu ya chuma, haikutumwa. McLure akaenda Phoenixville, wakubwa wakakutana, wakaonelea waendelee na mazungumzo kesho yake. Jioni hiyo hiyo, kama saa kumi na moja na nusu, zamu ikikaribia kuisha, daraja lote la upande wa kusini likaporomoka kwa muda wa sekunde. Wafanyakazi 86 walikuwa juu yake, 75 walikufa. Kati yao 33 walikuwa wanaume wa jamii ya Mohawk kutoka kijiji kimoja, Kahnawake. Kijiji kimoja, jioni moja.

Tume ilisema kosa lilikuwa la hukumu za wahandisi wawili, Cooper na msanifu mkuu wa kampuni ya ujenzi. Daraja likaanzwa upya. Septemba 11, 1916, sehemu ya katikati ikiwa inainuliwa kutoka majini, nayo ikaanguka na kuua watu 13. Lilikamilika mwaka 1917 na hadi leo linapitisha treni na magari.

Nimekaa sana Quebec kwa sababu ya kitu kimoja. Pale hakuna aliyekosa habari. Kipimo kilichukuliwa, barua ikaandikwa, hata amri ya kuacha ilitolewa. Kilichokosekana ni mtu mmoja, aliyesimama pale pale mtoni, mwenye haki ya kusema "shukeni chini, sasa hivi" bila kuogopa kufutwa kazi, kuaibishwa au kupigiwa simu na mkubwa.

Sasa tulete jambo hilo kwetu. Kwenye mjengo wa Kenya, wa kwanza kuona chuma kinapinda au nguzo ya muda inazama tope ni kibarua. Analipwa kwa siku. Nje ya geti wamesimama vijana wengine wakingoja nafasi yake. Akisema kuna tatizo na kazi ikasimama siku tatu, yeye ndiye atakayelala njaa siku hizo tatu. Juu yake yupo fundi mkuu, ambaye huelewana na wakandarasi wa kigeni kwa ishara na maneno machache. Juu yake mhandisi msimamizi, ambaye anajua michoro inasema nini, lakini pia anajua ni nani anakuja Jumatano na kamera. Tuna sheria: Bodi ya Wahandisi ipo, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ipo, zote zikiwa zimewekewa sheria mwaka 2011. Hata hivyo, Aprili 2016 jengo la Huruma jijini Nairobi lilianguka usiku wa mvua likaua watu karibu 50, na lilikuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa. Alama ilikuwepo ukutani na watu walikuwa ndani.

Ziara ya mkubwa kwenye kazi isiyoisha si dhambi. Rais ana haki ya kuona fedha za umma zinafanya nini, na watu wa Budalangi walifurahi kumwona. Ubaya huja pale tarehe ya mkubwa inapogeuka kuwa tarehe ya zege. Mhandisi akishaanza kuhesabu siku akirudi nyuma kutoka kwenye sherehe, badala ya kuhesabu mbele kutoka siku ya kumwaga, ameshaacha uhandisi. Naamini hili ndilo kosa kubwa la ujenzi wa umma katika nchi hii, kubwa hata kuliko wizi wa saruji, maana wizi tunauchukia na haraka tunaipigia makofi.

Sigiri ilijengwa tena, na leo watu wa Bunyala wanavuka kwa miguu, kwa pikipiki na kwa gari. Nawapongeza wote waliorudi pale na kuimaliza. Hata hivyo daraja lililokamilika ndilo linaloanza maisha, na maisha ya daraja mpakani kwetu ni magumu. Nzoia ukifurika hukomba mchanga chini ya nguzo, mahali ambapo hakuna macho yanayofika. Wachimba mchanga nao huyasaidia maji kazi hiyo. Malori yamewekewa kikomo cha tani 56 katika nchi za Afrika Mashariki, na kila mtu anayeishi kando ya barabara ya Malaba amewahi kusikia jinsi mizani inavyokwepwa. Vyuma vya kingo huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Wizi wa namna hiyo ulifika mahali ambapo Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, baada ya minara ya umeme kuangushwa. Anayefungua nati ya daraja ili apate bei ya soda anafanya kazi ile ile iliyofanywa na haraka.

Ndugu zangu wa Burumba, wa Matayos, wa Bunyala na wa Teso, uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Ahadi za madaraja zimeshaanza, na nyingine zitatimizwa kwa pupa miezi michache kabla ya kura. Mheshimiwa akija kuonyesha daraja linalojengwa, msimwombe tarehe ya kulizindua. Mwombeni jina la mhandisi msimamizi, tarehe zege lilipomwagwa, matokeo ya vipimo vyake, na nambari ya simu ambayo kibarua anaweza kupiga usiku bila kupoteza kazi. Akijibu kwamba daraja litachelewa hadi baada ya uchaguzi kwa sababu zege halijakomaa, mpigieni makofi, na kura mpeni huyo.